Kamba ya Ngombe Ambayo Haijafika

Jumapili, tarehe 2 Juni 1968

Shule sikuona. Herufi nilifundishwa na katekista ili nibatizwe. Leo Padri amehubiri juu ya mujane aliyemusumbua muamuzi mupaka akapewa haki yake. Nikajiambia: Anastasie, yule mujane hakushindi weye. Nina miaka sitini na zizi langu halijanusa mavi ya ngombe hata siku moja. Jirani yetu Karangwa iko nazo ishirini. Huku ngombe haiombwi mikono mitupu, inaombwa na pombe. Ndizi ziko tayari ndani ya shimo. Kamba nimeshasokota. Kisha ya misa nimewatangazia wamama wote kama ngombe yangu inakuja.

Jumapili, tarehe 9

Nimepeleka mutungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Karangwa amefyonza mrija mupaka macho yakafunga. Amesema tangu azaliwe hajakunywa pombe kama hii. Juu ya ngombe, tutaongea. Vizuri. Kuongea njo mwanzo.

Jumapili, tarehe 16

Mutungi wa pili, mukubwa zaidi. Ameita ndugu zake wanne, kila mutu na mrija wake. Wameniita mama yao. Ngombe? Tutaongea. Bwana wangu Symphorien anasema ninanyonyesha muzee mwenye mvi. Nimemwambia anyamaze, maziwa ya ngombe yangu atakunywa bila haya.

Jumatano, tarehe 19

Jirani yangu Verdiane naye amepanda kwa Karangwa na kibuyu, kuomba ngombe. Verdiane! Pombe yake hata inzi wanaikimbia. Nimecheka mupaka mbavu zikauma.

Ijumaa, tarehe 21

Verdiane amepewa mtamba. Mweusi, mwenye doa jeupe usoni. Wanasema Karangwa alionja mara moja, akatema nyuma ya ua, akamutolea mnyama palepale, akamusihi asijisumbue kuleta pombe ya shukrani. Symphorien amesema: yule amepewa ili asirudi, weye unanyimwa ili urudi, peleka pombe mbaya mara moja tu. Mimi, Anastasie, nipike pombe mbaya? Afazali nife bila ngombe.

Magaribi Verdiane amekuja, macho chini. Hana kamba ya kumuleta mtamba. Nimemukalisha, nimemulisha maharagi, nimemupa yangu. Mpya kabisa. Nimemwambia airudishe kesho kutwa asubui, kisha ya misa nitaihitaji. Mutungi wa tatu unachemuka pembeni ya jiko. Huu nimeutia asali.