Picha Moja ya Seli Mama

Jumatatu, 3 Machi
Dada kapiga simu. Mama anazidi kudhoofika, kila asubuhi anauliza kama nimefika. Nikaomba ruhusa. Profesa akasema niende nikishampa picha moja tu: seli mama ya ubongo wa buu la inzi wa matunda, ikiwa katikati ya kugawanyika. Mabuu yangu yatakuwa tayari Ijumaa. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, akasema nichukue yake, yako tayari leo. Ya Miwani! Anisimange mpaka nastaafu? Nikakataa.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali! Nimehamishia chupa zangu za mabuu kwenye kabati la joto, nyuzi ishirini na tisa. Kwenye joto buu hukua mbio. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Bado madogo kidogo. Nikatoka mapema kumnunulia mama mtandio wa kijani. Ataupenda.

Alhamisi, 6 Machi
Ole wangu! Mabuu yote yamepanda ukutani mwa chupa, yamejifungia kwenye maganda, si mabuu tena. Hakuna hata moja la kupasua nitoe ubongo. Haraka haraka haina baraka, kasema Miwani. Nani kamuuliza? Nikamwomba yake, ya chupa mpya. Akanipa bila neno. Hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeipata. Chini ya hadubini seli mama ilijigawa: kitoto kidogo kikachomoka, kikaenda zake kuwa neva. Mama akabaki palepale, mkubwa vilevile, tayari kuzaa mwingine. Profesa kafurahi. Nilikuwa nafunga begi dada alipopiga tena. Mama amefariki saa nne asubuhi. Jana aliniulizia mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Tumemzika. Dada hakunilaumu, aliuliza tu kilichonichelewesha. Nikasema kazi. Ningechukua mabuu ya Miwani Jumatatu, ningemkuta mama anaongea. Mtandio nimempa dada. Nimelia mpaka sauti imekauka.

Jumatatu, 17 Machi
Dada anaomba nirudi Jumamosi. Nyumba imemwia kubwa, hali, halali. Profesa anataka picha nyingine kwanza. Miwani, bila kuulizwa, kasema mabuu yake yapo, nichukue. Nikamshukuru, nikamwambia sina shida. Chupa zangu ziko kwenye kabati la joto. Safari hii nitazichungulia mara mbili kwa siku.