Kosa la Kusoma Mpaka Ukurasa wa Thelathini na Moja

Umma wa Zomba unatangaziwa kwa taadhima kwamba tatizo la wanafunzi wa sheria kutojua kutafuta sheria limekomeshwa rasmi. Limekomeshwa Jumatatu, saa nne asubuhi, baada ya chai. Chuo chetu sasa kina Kurugenzi ya Stadi za Utafiti wa Sheria, yenye mkurugenzi, muhuri na zulia. Vitabu vitafikiriwa.

Mkurugenzi ni Dokta Elson Mtambalika. Mimi ni mpanga rafu wa maktaba kwa miaka ishirini na sita, na Kurugenzi imeniteua kuwa shahidi wa kudumu. Sikuulizwa, shahidi haulizwi mpaka aulizwe.

Kanuni ya kwanza ni ya busara. Mwanafunzi akipewa hukumu ya kesi, asome kurasa tano za mwanzo, aandike alichopata, arudishe kitabu. Imethibitika kwamba wanaosoma mpaka mwisho hurudi na maswali, na maswali huchelewesha utafiti.

Siku ya tisa tukapata mhalifu. Tionge Nyasulu, mwaka wa pili, alisoma kesi ya Mbewe mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Kitabu nilimpa mimi. Adhabu ni kufukuzwa chuo, na kujitetea hakuna. Isidhaniwe huo ni ukatili. Ni sheria, na Dokta aliitoa kwenye kesi hiyohiyo ya Mbewe, mwalimu aliyefukuzwa kazi bila kusikilizwa, akakata rufani mbele ya majaji watatu. Kwa sheria hiyo Dokta amekwishafukuza wanafunzi kumi na mmoja tangu mwaka tisini na nane. Wa kwanza, Lusungu Kaphuka, anauza mitumba Limbe. Kosa lake lilikuwa kuuliza kesi iliishaje.

Kamati ikaketi. Mama Namalomba, katibu, akafungua daftari.

"Binti," Dokta akaanza, "ulivuka ukurasa wa tano?"

"Nilivuka, Dokta."

"Kwa kujua?"

"Kwa kujua. Utamu ulikolea."

"Andika hiyo, Mama. Amekiri utamu." Dokta akafunga kalamu. "Kesi ya Mbewe, ukurasa wa tatu: kamati haina wajibu wa kumsikiliza mtu. Tumemaliza."

"Sijitetei, mzee," Tionge akasema. "Naomba tu shahidi wenu awasomee ukurasa wa sita. Si ni wenu?"

"Na asome!" Dokta akacheka. "Haya, mzee wa vumbi, tuburudishe."

Nikasoma. Sasa, majaji wa rufani wana desturi yao: hukumu ya mwenye cheo kikubwa huchapishwa kwanza, awe ameshinda au amebaki peke yake. Ukurasa wa sita jaji wa pili anaanza hivi: "Nasikitika kutokubaliana na kiongozi wetu. Mtu asifukuzwe kabla ya kusikilizwa." Ukurasa wa kumi na tisa jaji wa tatu anasema: "Nami naona hivyohivyo." Wawili kwa mmoja. Mbewe alirudi kazini.

Mama Namalomba akaweka kalamu chini. "Yaani Dokta, miaka yote hii tunafukuza watu kwa maneno ya aliyeshindwa?"

"Alikuwa na hoja nzito, Mama."

"Uzito tumeuona. Alishindwa au hakushindwa?"

"Kwa... hesabu, alishindwa."

"Basi naandika. Tionge anabaki. Wale kumi na mmoja waitwe, waombwe radhi, warudi darasani. Kama unapinga, Dokta, tuletee kesi nyingine kufikia Ijumaa. Wewe si ndiye mtaalamu wa kutafuta?"

"Mimi? Kwani... ndiyo. Bila shaka."

Alhamisi Dokta akaja maktaba. Tulifurahi, ilikuwa mara yake ya kwanza tangu nianze kazi. Akasimama katikati ya rafu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Akakagua nusu saa. Mwisho akamsogelea Tionge, aliyekuwa akisoma mezani, akashusha sauti.

"Binti. Hivi... mtu akiwa anataka kesi, huwa anaanzia wapi?"

Tionge hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu mpaka kufa. Akamvutia kiti.

"Kaa, mzee. Unaanzia kwenye faharasa. Ile orodha ya mada, nyuma ya kitabu."

"Nyuma?"

"Nyuma kabisa."

Dokta akavuta kitabu kimoja. Kisha akakigeuza polepole, kwa hadhari ya mtu anayeingia nyumba ya wakwe kwa mlango wa jikoni.