Dawa Yenu Inayotafuta Ugonjwa

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Habari za kazi. Sisi hapa wazima. Baba yake kijana wenu hajambo ila goti. Shangazi yake hajambo ila kwikwi. Dada yake mzima, na kichanga chake kizima, kinalia kama kimeajiriwa. Paka naye yupo. Mimi ni mama wa yule kijana wenu mwembamba wa chumba cha mwisho, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Unisamehe mwandiko, shule yangu iliishia njiani. Nina malalamiko.

1. Mwanangu anasema mmempa dawa isiyojulikana inatibu nini. Ipo, ina namba, inakaa kwenye friji, ila ugonjwa wake bado unatafutwa. Mheshimiwa, mimi ni fundi cherehani. Sijawahi kushona suruali kwanza ndipo nizunguke mtaani kutafuta miguu.

2. Majirani wakiniuliza mwanao anatibu nani, nasema panya, maana ndio wanaopewa. Na panya wenyewe, anasema, walikuwa hawaumwi. Sasa wamepona nini?

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Seremala, baba wa mchumba wake, alimpigia simu akamuuliza hiyo dawa yako kazi yake nini. Mwanangu, kwa ukweli wake ule, akajibu sijui bado, mzee. Seremala kasema hamtoi binti kwa mtu asiyejua anachokifanya. Asipokuja mwenyewe kujieleza kabla mwezi haujaisha, uchumba basi. Nami nikimwita mtoto aje, ananiambia hawezi kuiacha dawa peke yake. Kwani inanyonya?

4. Kwa hiyo tumekaa nyumba nzima tukaamua kuwasaidia. Magonjwa tunayo. Chagueni: goti la baba yake, kwikwi za shangazi, au mdomo wa jirani wa nyuma, ambao umeshindikana kila mahali. Yote yasipofaa, semeni tu mnataka ugonjwa wa namna gani, shangazi yuko tayari kuuanza. Mpeni likizo aje nayo kwenye chupa, impate mtu, tumalize.

Wasalimie wote humo ndani, mlinzi, mfagizi, na wale panya wape pole.

Ni mimi, mama yake, roho juu.

Nimesahau: nikitafuta bahasha kabatini nimezikuta chupa zangu za dawa zilizobanduka karatasi. Alipokuja mara ya mwisho alitaka kuzitupa, eti hata hatujui ni za nini. Nikampokonya. Nikamwambia dawa haitupwi kwa sababu hujaijua, iache ikae, itampata mtu wake. Akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile sikujua anachochekea. Leo nimejua.

Basi goti liacheni, na dawa yenu msiiharakishe. Seremala nitamwendea mwenyewe. Ana makopo ya misumari na bawaba asizozijua ni za mlango gani, na ukiyagusa tu ni ugomvi. Nitaanzia hapo. Ninyi nijibuni upesi, mniambie tu kama anakula.