Ndizi Mbichi za Hortense

Jumapili, 10 Novemba

Tumefungwa tena. Arobaini na moja kwa tatu! Nyumbani, mbele ya watu wetu wenyewe. Nimekaa jikoni na jaketi la timu bado mwilini tangu jana, harufu ya soseji za kuchoma imeniganda, na sina hamu hata ya kuwasha taa.

Msimu mzima Nyumbu wa Chuo Kikuu cha Ketterby, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, hawajui mstari wa mwisho uko upande gani. Anayeufikia kila Jumamosi bila shida ni Hortense, nyumbu wetu wa kweli, mtoto wa punda na farasi, wa masikio marefu na mkia, anayezungushwa uwanjani kabla ya mpira kuanza. Bora tumpe yeye mpira.

Ubishi mkali maegeshoni kabla ya mechi. Mimi na shemeji yangu Wendell, kaka wa marehemu mke wangu Glenda, tumechoma nyama nyuma ya pikapu yake chini ya mnara wa maji tangu tulipokuwa wanafunzi. Nikasema Kocha Tillotson afukuzwe hata kabla ya soseji kuiva. Wendell akasema apewe muda, anajenga. Nikamuuliza anajenga nini, kaburi? Akanijibu kwamba mimi ningemfukuza hata mchungaji kwa mahubiri mabaya. Kweli ningemfukuza.

Jioni Carlene kapiga simu. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho, anapiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, katika bendi ya chuo. Tarehe 23 ni Siku ya Kuaga. Wachezaji na wanabendi wanaomaliza huingia uwanjani mmoja mmoja, kila mmoja kashikwa mkono na mzazi, na jina lake linatangazwa. Glenda ndiye aliyekuwa amejipangia kutembea naye. Alishachagua mpaka kofia. Sasa nimebaki mimi. Carlene kasema nivae koti la heshima, si jaketi la timu, na nisilete vituko. Nimeapa. Baada ya simu nililia kidogo, kisha nikafungua jukwaa la mashabiki mtandaoni nione wanasemaje kuhusu kocha.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata mpango! Mifuko ya karatasi kichwani. Hapa kwetu timu ikizidi kuaibisha, shabiki huficha uso wake ndani ya mfuko wa sokoni wenye matundu mawili ya macho. Mmoja mmoja wamefanya sana. Jumamosi nataka jukwaa zima la kaskazini. Kamera zitaonyesha, bodi ya chuo itaona, kocha kwaheri.

Nimeandika mtandaoni kwa jina langu la kule, Nyundo. Mwitikio wa kutisha! Mamia wameapa. Mmoja anayejiita Baba wa Nyumbu Wote kasema atakuja na ukoo mzima. Mifuko natoa kazini. Mimi ni msimamizi msaidizi wa matunda na mboga supamaketi, mifuko haina hesabu.

Wendell kaja kula. Kasema nimeshindwa kuelewa kitu kimoja, chuo si mpira peke yake. Kuna kitivo cha mifugo, kuna profesa wetu kapewa tuzo kwa kutibu kwato za ng'ombe. Nikamwambia sijawahi kumwona mtu mzima akijipaka rangi usoni kwa ajili ya kwato. Akasema labda ndiyo shida yetu.  Kisha akamaliza viazi vyangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Ningepaswa kujua tangu hapo.

Filimbi ya kwanza, nikavaa mfuko. Nikageuka kuwatazama wenzangu kupitia matundu. Hakuna hata mmoja! Makoti ya mvua tu. Baba wa Nyumbu Wote kumbe ni mhasibu mwembamba anayekaa safu ya nyuma yangu miaka yote hii. Kaninong'oneza kwamba mkewe amemkatalia.

Ningeweza kuuvua. Sikuuvua. Lazima awepo mtu wa kusimamia jambo. Mfuko ukalowa, ukalegea, ukaninata puani, mwisho ukapasuka katikati, na kamera ikanikuta papo hapo. Skrini kubwa ya uwanja! Uso wangu mpana kama ukuta wa ghala, uji wa karatasi kwenye nyusi, na jina la supamaketi limejichapa shavuni kinyumenyume. Uwanja mzima ukashangilia. Msimu huu hawajashangilia kitu kingine hivyo.

Bendi ilikuwa ikipiga. Tuba moja ikakosea. Ile tuba naijua.

Ishirini na saba kwa bila. Wendell kanipa taulo, akaenda kuwasha pikapu. Bora angenicheka.

Jumapili, 17 Novemba

Carlene hakugomba. Nilijiandaa kwa kugombezwa, nikawa na majibu yote. Yeye kaniambia kwa sauti ya chini kwamba haombi kitu kingine maishani, ni Jumamosi ijayo tu. Niwe langoni, nimshike mkono, basi. Nikasema mwanangu, hata tetemeko la ardhi halitanizuia. Kasema tetemeko haliogopi, ananiogopa mimi.

Meneja naye kapiga. Jina la supamaketi lilionekana vizuri mno. Kuanzia kesho nakusanya matoroli nje.

Halafu Wendell akaleta habari. Anacheza karata na mtu wa bodi. Uamuzi umeshapita. Jumamosi ni Wexley, mahasimu wetu wa tangu na tangu. Tukifungwa, Tillotson anaondoka. Tukishinda, anapewa mkataba mpya, miaka mitano! Wendell kafurahi kama mtu aliyetajwa kwenye wosia.

Mimi nimekaa na habari hii mchana kutwa. Inabidi tufungwe. Na Wexley! Baba yangu alikataa kula jibini miaka thelathini kwa sababu kiwanda kilikuwa Wexley. Sijawahi kuomba tufungwe, hata utotoni nikiwa na homa. Jioni kanisani nimeomba. Nikaona aibu, nikaondoka kabla ya sadaka.

Jumatano, 20 Novemba

Matoroli, upepo, vidole vimekufa ganzi. Lakini akili inafanya kazi.

Tatizo ni Hortense. Kila mtu Ketterby anajua: nyumbu akidondosha samadi kwenye nyasi mbele ya jukwaa la kaskazini kabla ya mpira kuanza, tunashinda. Huu si ushirikina, ni historia. Msimu huu hajadondosha hata mara moja, na matokeo mmeyaona. Sasa nasikia Bi Opal Krebs, mlezi wake pale kitivo cha mifugo, anamlisha uji wa pumba na molasi kila asubuhi ili siku ya Wexley tumbo limfunguke. Mji mzima umemsihi. Wendell kampelekea kapu la tufaha!

Lazima afungwe tumbo. Nikakumbuka Carlene alipokuwa mdogo, akiharisha, Glenda alikuwa akimpa ndizi. Mbichi mbichi, za kijani. Siku ya pili mtoto mzima. Nimenunua boksi zima kwa wenzangu wa zamani wa matunda na mboga. Wameniuliza za nini. Nimesema za mtu mgonjwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda zizini nikijifanya shabiki mzee aliyekuja kumtakia mnyama heri. Bi Opal kanipokea vizuri, kanikaribisha kahawa, akaenda kuitengeneza. Mama wa watu, hana shaka na mtu. Hortense kala boksi lote. Maganda, vibandiko, kila kitu! Kisha akaniegemeza kichwa begani na kupumua. Tangu Glenda afariki hakuna aliyeniegemea hivyo. Nikajisikia vibaya kwa muda.

Nyumbani nimepiga pasi koti la kijivu. Nililivaa mara ya mwisho mazishini. Carlene kapiga kunikumbusha: lango la kaskazini, mapema, na nisijitie kuwa na kazi nyingine. Nikamwambia nina kazi gani mimi zaidi yake?

Jumamosi, 23 Novemba

Nilifika mapema. Hilo naomba likumbukwe.

Carlene alikuwa langoni na sare, kofia yenye nyoya, tuba imemzunguka mwili. Kaninyooshea kola, kanibandika ua jeupe kifuani. Kasema, "Baba, umependeza. Simama hapa hapa, tafadhali. Usiende popote." Macho yake yalikuwa ya mama yake kabisa. Akaenda kujipanga na wenzake.

Hapo ndipo Bi Opal akapita na Hortense kuelekea njia ya chini ya jukwaa. Nikamsikia akimwambia mlinzi kwamba mnyama hajapata choo tangu jana, lakini tumbo linanguruma, lolote linaweza kutokea. Lolote! Nilikuwa na ndizi moja mfuko wa ndani wa koti, ya akiba. Dakika moja tu, nikajiambia. Wachezaji ndio wanaoanza kutajwa, bendi bado.

Hortense kanitambua nikiwa bado mbali. Hakungoja kupewa. Kauma koti, mfuko na vyote, na kuvuta. Nikavuta. Meno ya nyumbu hayana majadiliano. Bi Opal kaanza kupiga kelele: "Vua koti, bwana wee! Livue uende zako!"

Ndiyo, ningeweza kulivua. Wendell naye kaniuliza baadaye. Lakini ndizi ilikuwa na kibandiko cha supamaketi! Ingeonekana, ingejulikana, mpango wote ungekwenda na maji. Nikashikilia. Tukazungushana pale, mimi na nyumbu, ua likaanguka likakanyagwa.

Kipaza sauti kikaanza majina ya bendi. Kikafika herufi H. Carlene Hoskins, tuba, binti wa Merle Hoskins na marehemu Glenda. Halafu kimya. Kimya kirefu. Mtangazaji akakohoa. Halafu: akisindikizwa na mjomba wake, Wendell Pruitt.

Kutoka nilipokuwa, chini ya shingo ya Hortense, nilikiona kipande cha uwanja. Ile kofia yenye nyoya. Wendell na jaketi lake la timu lenye doa la haradali, kamshika mkono. Carlene anatembea mbele, kichwa kimegeuka nyuma kuelekea lango.

Mfuko ukachanika. Hortense kameza ndizi na kitambaa cha ndani, akamponyoka Bi Opal, akatoka mbio mpaka mbele ya jukwaa la kaskazini, akasimama. Hakudondosha, alimwaga! Boksi zima! Uwanja ukalipuka. Watu wazima wakakumbatiana wakilia.

Ishirini kwa kumi na saba. Tumewafunga Wexley. Mlinzi alinishikilia mpaka dakika za mwisho, na alikuwa akinitoa nje kwa kosa la kumsumbua mnyama wa chuo wakati mchezaji wetu alipovuka mstari wa mwisho, na nilisahau kila kitu, nikaruka, nikambusu mlinzi. Kisha nikakumbuka mkataba. Miaka mitano!

Nimekaa kwenye pikapu ya Wendell, chini ya mnara wa maji, na koti lenye upande mmoja. Carlene kaondoka na bendi. Hakupita maegeshoni.

Jumapili, 24 Novemba

Carlene kaja baada ya kanisa, na mjomba wake. Wameleta picha. Yuko yeye na Wendell katikati ya uwanja, Wendell macho mekundu, kinywa wazi. Nyuma yao kabisa, kwenye kiza cha njia ya chini, unaona matako ya nyumbu na mkono wa koti la kijivu.

Nilianza kueleza kuhusu kibandiko. Wendell kaniambia, "Shem, nyamaza kidogo."  Carlene kasema hana hasira. Kasema kilichomuuma ni kwamba jina liliposomwa alikuwa ameshatoa mkono, hivi, pembeni, akijua utashikwa. Akauweka hewani kunionyesha. Umekaa hewani muda huo wote, kasema, watu wanautazama.  Nilitamani Glenda awepo aniambie la kusema. Moyo wangu umevunjika na nimeuvunja mwenyewe, hilo naliandika wazi.

Nimemwomba nafasi moja nyingine. Mei kuna mahafali, uwanjani hapo hapo, na mzazi husimama na mtoto wake kwenye nyasi mpaka mwisho. Kanitazama sana. Kasema, "Sawa, Baba. Mei." Kanibusu kwenye paji la uso kama mtu anayembusu mgonjwa. Picha kaniachia.

Nimeiweka juu ya friji. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Nimeapa mbele ya kofia ya Glenda kwamba Mei sitaondoa macho yangu kwa mtoto yule hata sekunde moja.

Wendell kapiga simu sasa hivi. Bodi imetangaza mgeni rasmi wa mahafali, atakayehutubia mbele ya uwanja uliojaa. Kocha Tillotson!

Nimeshaandika mtandaoni. Mamia wameapa. Baba wa Nyumbu Wote kasema mkewe amelegea. Safari hii tunatumia mifuko ya kitambaa. Kitambaa hakiyeyuki.