Migongo Kumi na Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Kanisa letu linataka picha ukutani: Yesu na wanafunzi wake mezani. Ukuta mzima! Anayeutaka apeleke sampuli Jumapili. Mwirigi naye anautaka. Mwirigi, mchora ng'ombe kwenye kuta za bucha kule Majengo, tena ng'ombe wanaocheka! Mimi watu sijawahi kuchora. Nitajifunza wiki hii kwa kuiga ile picha ya zamani iliyo kwenye kalenda ya mama. Ni watu kumi na watatu tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaita wazee wa kanisa waketi kama kwenye kalenda, wote upande mmoja wa meza. Wamekataa! Mzee Misheck alisema upande wa pili ni wa wenye binti, na wasipofika hakuna mazungumzo. Nikamwambia haya si mambo ya mahari. Akauliza basi wazee wameitiwa nini. Nusu wakahamia ng'ambo, wakanipa migongo. Chai wakamaliza.

Ijumaa, 7 Machi
Migongo imetoka safi. Nyuso zimetoka viazi. Nimewageuza wote, hata Yesu! Amebaki Yuda, ambaye hakuna mzee aliyetaka kuwa yeye. Nikampa uso wa Mwirigi! Uso huo naujua, nimeuchukia miaka mingi. Jina langu sikuandika. Akija kulalamika, mimi sijui chochote.

Jumapili, 9 Machi
Niliiacha picha mlangoni mwa kanisa alfajiri. Mama Ednah, mwenyekiti wa kina mama, akaiinua mbele ya kanisa. Akauliza waume zao wamefichwa wapi. Kisha akamsogelea Yuda. Akasema uso huu mmoja uko hai, na ni nani angemchora Mwirigi kwa upendo hivi ila Mwirigi mwenyewe? Tena kwa unyenyekevu, amejifanya Yuda! Makofi! Ukuta akapewa Mwirigi. Nikasimama, nikasema picha ni yangu. Mzee Misheck akaniambia nikae, wivu ni dhambi. Mwirigi hakukana, aliinamisha kichwa tu, mnafiki yule. Imeniuma. Kitu kizuri pekee nilichowahi kuchora ni uso wake.

Jumanne, 11 Machi
Mwirigi amekuja nyumbani. Ananiomba nimsaidie nyuso ukutani, kimyakimya, yeye atafanya meza. Nimekubali! Mjinga, hajui ninachopanga. Nitampa Yuda uso wake tena, mkubwa kama mlango. Na jina langu siandiki.