Malalamiko Dhidi ya Mwanao na Ubao wa Matundu

Kibanda cha Kufuli na Funguo,
Mlango unaopakana na kinyozi.

Kwa Dada Mkubwa,
Mama wa mtuhumiwa.

YAH: KUMHAMISHIA MWANAO BWENI LA WAUGUZI KABLA YA IJUMAA

Dada mpendwa na mheshimiwa,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima wa mwili, ila heshima ndiyo mgonjwa. Uliniandikia kuuliza kama mwanao aendelee kukaa kwangu mwaka mwingine, au achukue kile chumba alichopewa na hospitali katika bweni la wauguzi, na ukasema bwenini wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Jibu langu ni kwamba aende. Nalisema bila hasira. Hapo kalamu ilipotoboa karatasi ni kwa sababu ya meza.

Unanijua, mimi si mtu wa kulalamika. Sefu ya kilo mia nne iliponiangukia mguuni, niliihurumia sefu. Lakini mwanao ameleta jambo katika nyumba hii, na jambo lenyewe linaitwa kribeji. Ni mchezo wa karata wa watu wawili. Wa kwanza kufikisha alama mia moja na ishirini na moja ndiye mshindi. Alifundishwa kabla hajaja kwangu, huko alikosomea uuguzi, na mgonjwa mmoja wa wodi ya mifupa, mzee aliyevunjika nyonga, asiye na kazi nyingine ila kuharibu watoto wa watu akiwa amelala chali. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Ubao. Unaukumbuka ule ubao wangu wa mti mweusi wenye matundu, ulioning'inia kibandani miaka kumi na minne. Nilipewa na nahodha mstaafu baada ya kumfungulia sefu yake kwa uma wa kulia chakula, huku nikipiga chafya. Siku zote niliwaeleza wateja kwamba ni nishani, na kila tundu ni kufuli moja iliyowashinda mafundi wote ikaja kunyenyekea kwangu. Matundu ni mia mbili na arobaini na mawili. Hakuna aliyewahi kubisha. Basi mwanao, siku ya pili tangu afike, sanduku lake hata hajalifungua, akautazama ubao mbele ya kinyozi na wateja wawili, akasema, "Mjomba, kumbe unacheza kribeji! Si ubao wa kuhesabia alama huu?" Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Ningefanya nini, Dada? Nikasema ndiyo, nacheza, tena nilikuwa bingwa. Hapo nikawa nimejitia kitanzi mwenyewe, maana bingwa haombi kufundishwa. Ilinibidi nijifunze mchezo mzima kwa kujifanya namkumbusha yeye.

2. Ukarimu wangu umetumiwa vibaya. Kila mchezaji hupewa karata sita, hubaki na nne, na mbili anazitoa ziende kwenye fungu la pembeni tunaloliita kapu. Kapu ni mali ya aliyegawa karata. Sasa akigawa mwanao, kapu lake. Mimi ni mjomba. Mjomba akitia kitu katika kapu la mpwa wake, atie makapi? Nikamtilia tano mbili, karata za maana kabisa, kwa sababu tano na kumi ni kumi na tano, na kila kumi na tano ni alama mbili. Alipogawa tena, nikamtilia tena. Wiki tatu nimemtilia vinono, nasubiri aseme, hapana Mjomba, hii imezidi, rudisha moja. Wapi! Anasema, "Asante Mjomba," anahesabu kumi na mbili, anasogeza njiti yake ya kiberiti kwenye matundu. Na huyo ni mtoto uliyemlea wewe, uliyekuwa ukinifinya nikipokea andazi kabla sijakataa mara mbili. Mwishowe ndipo akanifunulia kwamba kapu la mwenzio hutiwa takataka. Nikamwambia katika ukoo wetu hatumtilii mtu takataka. Akasema ndiyo maana katika ukoo wetu ni yeye tu anayeshinda.

3. Unyang'anyi. Ipo kanuni kwamba usipoziona alama zako mwenyewe, mwenzio anazichukua. Aliniuliza kwa upole kama tuitumie au tungoje kwanza nizoee. Bingwa angesema tungoje? Basi Jumamosi moja nikashika saba mbili na nane mbili, na karata inayofunuliwa katikati ikawa tisa. Karata za namna hiyo mtu huzipata mara moja kabla ya kuzikwa. Nikahesabu kwa sauti, kinyozi shahidi: jozi mbili, alama nne, saba na nane kumi na tano, mara mbili, alama nne nyingine, mfuatano wa saba, nane, tisa, tatu. Kumi na moja! Nikasogeza njiti yangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele ya kumwita mtumishi. Mwanao akauliza, "Umemaliza, Mjomba?" Nikamjibu bingwa akimaliza amemaliza. Akazitandaza karata zangu, ZANGU, akaonyesha kwamba saba zile na nane zile zinakutana mara nne na si mbili, na mfuatano nao uko mara nne, jumla ishirini na nne. Akajichukulia kumi na tatu. Yaani shamba langu, jembe langu, jasho langu, na mwenye gunia kubwa ni yeye. Kinyozi alipiga makofi. Nimemwonya.

4. Kumi na tisa. Siku moja nilitandaza karata ambazo hata mimi sikuona kitu ndani yake. Mwanao akasema, "Kumi na tisa hiyo, Mjomba." Nikafurahi sana. Nikaandika kwa chaki mlangoni: LEO KUMI NA TISA. Kesho yake akanihesabia kumi na tisa nyingine. Nilijitapa wiki nzima, nikamtajia mpaka mkaguzi wa mita za maji. Nilishangaa kidogo kwamba njiti yangu haitembei, nikadhani labda alama kubwa huwekwa akiba. Kumbe wachezaji husema kumi na tisa kwa maana ya mikono mitupu, kwa sababu hakuna karata zozote duniani zinazoweza kutoa kumi na tisa kamili! Siku hizi wateja hawaulizi fundi yupo. Wanamuuliza kinyozi, "Kumi na Tisa ametoka?" Na kinyozi anajibu.

5. Anayeshindwa kwa alama zaidi ya thelathini huitwa kicheche, yule mnyama anayenuka. Hili sitaki kulizungumzia.

6. Usalama wa raia. Mama mwenye duka la vitambaa aliniletea kufuli mbili, moja namba saba na moja namba nane. Nikapiga meza kwa kiganja nikasema, "Kumi na tano, mbili!" Akazichukua kufuli zake akatoka kinyumenyume. Dada, pima jambo hili kwa akili. Milango ya mtaa huu yote nimeitengeneza mimi. Stoo ya dawa ya hospitali, mimi. Ofisi ya vitambulisho, mimi. Akili yangu ikipinda, ufunguo utapinda. Ufunguo ukipinda, milango haitafunguka. Na watu wakifungiwa nje ya ofisi zao hatutajua tena nani ni nani. Taifa zima litakaa barazani kwa sababu ya mtoto mmoja wa kike na karata.

7. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika mchezo huu huwezi kusema tu. Ukisema nane, unaziweka karata mezani, na mwenzio anahesabu nyuma yako. Mwanzo nilidhani tabia hiyo itabaki mezani. Juzi mteja mgeni aliniuliza habari za sefu ya nahodha. Nikafungua mdomo nianze na ule uma. Mwanao alikuwa amesimama mlangoni, ametoka zamu, viatu mkononi, ananisikiliza tu. Nikausikia mdomo wangu mwenyewe unasema haikuwa sefu, lilikuwa kabati la vyombo, na wala halikuwa limefungwa, mlango ulikwama tu kwa unyevu. Halafu kinyozi akakohoa, akasema na yeye, kwa kweli, hajawahi kumnyoa yule waziri anayejisifia kila siku. Unaona, Dada? Unaambukiza! Miaka thelathini nimejenga jina, na sasa nahesabiwa kama karata.

Kwa sababu hizo saba naomba mwanao aondoke kabla ya Ijumaa. Nitarudia utulivu wangu wa zamani. Nitafunga kibanda, nitakula nikiwa nimesimama, nitawasha redio na kuizima. Hakutakuwa na mtu wa kuingia akiwa bado hajanywa maji akauliza, "Bingwa, leo unalia saa ngapi?" Nitausikia tena ule ukimya niliokuwa nausikia tangu wifi yako atutoke, miaka sita mfululizo, ambapo bomba la jirani likidondosha maji nilikuwa najua ni tone la ngapi. Mtu mzima anahitaji utulivu. Daktari aliniambia, au nilimwambia mimi, sikumbuki.

Mpe shemeji salamu zangu, na mwambie ile kufuli ya ghala aache kuipiga nyundo. Wasalimie wakubwa kwa heshima na wadogo kwa jina la mjomba wao. Jirani yako anayesoma barua zako kabla yako, naye nimemsalimia.

Ni mimi ndugu yako uliyemwachia ziwa,
Fundi.

Nyongeza: Jana asubuhi nilikwenda bwenini kukikagua chumba, maana siwezi kumpeleka mtoto nisikokujua. Hakifai. Kina dirisha pana, kitanda kipya, na wenzake wawili wenye adabu. Mahali pa namna hiyo mtu anaweza kupazoea akasahau ndugu zake. Kwa hiyo niliandika barua kwamba mama mzazi amekataa katakata, nikatia sahihi yako, nikaiacha kwa karani wa mapokezi. Jioni nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mtoto yote bila kutia chumvi. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe yeye mwenyewe alikwisha kukikataa tangu Jumatatu, naye pia kwa sahihi yako, na yake inafanana zaidi. Basi Dada, umekataa mara mbili. Msimamizi wa bweni akikupigia simu, tafadhali uwe mkali.