Ng'ombe Mnene Mwenye Maziwa

Jumatatu, 1 Juni 1998

Nimechukia! Mzee Ngolo wa Sibwesa, baba yake Minza, kanitumia ujumbe. Ng'ombe wengine wa mahari kawapokea, bado mmoja. Huyo anamtaka mnene, tena mwenye maziwa mengi. Atakuja kumkagua mwisho wa mwezi, la sivyo Minza haolewi. Na huyu niliyenaye mbavu zote unazihesabu!

Jumatano, 3 Juni

Mimi si karani wa mtafiti Nathanael hapa Majengo? Kompyuta yake inakokotoa ng'ombe anavyogawa chakula mwilini: hiki cha maziwa, hiki cha mafuta, hiki cha kutembea. Bosi alipotoka kunywa chai nikaingiza wangu. Jibu: chagua, unene au maziwa. Nichague? Mashine inajua nini kuhusu wakwe! Nikafuta kutembea. Loo! Mafuta yakapanda, maziwa yakapanda. Nathanael akanikuta, akacheka, akasema nguvu haipotei hivi hivi, lazima kuna atakayeitoa. Wivu tu.

Jumamosi, 13 Juni

Ng'ombe nimemfungia zizini. Hatembei hata hatua. Anakula, ananitazama kama mama mkwe. Kiangazi hiki majani ya karibu yameisha, naenda kukata huko mbali, nabeba kichwani, safari nne kwa siku. Na maji pia nimletee! Jirani yangu Kalista kaniuliza kati yetu nani kamuoa mwenzake. Ana mdomo mchafu yule!

Jumapili, 28 Juni

Mzee Ngolo kafika na wazee wawili. Wakamshika ng'ombe nundu, wakamkamua, wakaridhika. Nikavimba kichwa. Kisha wakanigeukia mimi. Suruali nimeifunga kwa kamba. Mzee akasema ng'ombe safi sana, ila binti yake hampi mtu aliyekauka namna hii, ninenepe kwanza. Na ng'ombe akaondoka naye! Uonevu mtupu! Minza katuma neno kwamba atanisubiri hata mwaka, mradi niwe naenda kumwona kila mwezi.

Jumanne, 30 Juni

Kosa ni la kompyuta, haikuwa na nafasi ya mkata majani! Leo nimejiingiza mwenyewe. Ugali, maharage, kazi ya ofisini, na baiskeli mpaka Sibwesa kumwona Minza. Jibu lile lile: chagua. Ng'o! Nikamfuta Minza. Unene ukapanda mpaka nikacheka peke yangu. Sasa tuone nani atazuia harusi yetu!